Naomba ushauri: baba mkwe anatamani maharagwe na nyama ya pori

MamaWatatu_Donholm
Hamjambo wapishi. Naomba msaada kabla ya Jumamosi.

Baba mkwe ametoka Mwingi, kule Kitui, yuko kwetu wiki tatu kwa sababu ya kliniki ya macho. Ana miaka 79 na chakula hakili vizuri. Nimempikia samaki, nimempikia kuku wa kienyeji, anamega kidogo, anashukuru, anainuka. Juzi nikamuuliza waziwazi, "Baba, roho yako inataka nini?" Akasema anataka maharagwe yenye nyama ya pori kama aliyokuwa akipika mama yake, chungu kimoja kwa boma zima. Aliposema hivyo uso wake ulibadilika, na tangu siku hiyo sina raha mpaka nimpikie.

Kuna kijana wa mtaani anasema ataniletea kilo 3 za swara kutoka upande wa Kajiado, bei chini ya ng'ombe. Sijawahi kuipika. Inachemshwa muda gani? Inaingia pamoja na maharagwe au kando? Tutakuwa watu 11. Nina meko ya gesi na jiko moja la makaa.

Mlinzi_Mstaafu
Dada, hiyo nyama usiipokee. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimshiki mwindaji peke yake. Ikikutwa jikoni kwako, kosa ni lako.

Nimeng'oa mitego ya waya miaka mingi. Swara akinaswa hafi upesi, anahangaika na waya shingoni hadi mtu aje usiku, achinjwe gizani, abebwe kwenye gunia. Hakuna mkaguzi aliyemwona. Wanyama wa pori hupata kimeta, na anayekata nyama mbichi ndiye anayeumia kwanza. Vijidudu vyake hujifunga kwenye mbegu ngumu ambazo mchemko wa kawaida wa jikoni hauziui kwa uhakika. Mwenye kisu hapo ni wewe, na watoto wako wanazunguka miguuni.

Bucha_Dagoretti
Naunga mkono. Nyama ikishakatwa vipande huwezi kujua ni swara au ni punda. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi mimi siigusi, hata nikipewa bure.

Lakini usimkatishe tamaa mzee. Tafuta mbuni wa kufugwa. Upande wa Kitengela wanafugwa kwa leseni ya KWS, shirika la wanyamapori, na hata Carnivore, ule mkahawa wa nyama choma pale Lang'ata, walioacha kuuza pundamilia na swara zamani, bado wanachoma mbuni na mamba wa kufugwa. Nyama yake ni nyekundu kama ya ng'ombe ila haina mafuta, na hapo ndipo wengi huiharibu, wakiipika kwa moto mkali inakuwa kama kamba. Omba shingo au sehemu ya chini ya mguu, zile zenye mishipa na gegedu. Saa mbili na nusu hadi tatu kwa moto mdogo, gegedu linayeyuka na mchuzi unashika midomo. Paja liache, hilo ni la kukaanga haraka.

Ukikosa mbuni, kanga wa kufugwa anafaa. Mwulize mfugaji akuonyeshe leseni.

Mpwani_Jikoni
Mimi nashughulika na maharagwe. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha saa moja, weka tui zito, umemaliza. Nyanya weka mwanzoni ziive vizuri.

MamaWatatu_Donholm
Ndugu Mpwani, saa moja? Yangu huchukua saa mbili na bado mengine yanagonga meno.

Mwalimu_wa_Sayansi_Kimu
Mpwani yuko sawa kwa Mombasa, wewe uko sawa kwa Nairobi. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe yanachelewa. Ukiwa na sufuria ya presha, tofauti hiyo karibu inaisha.

Nyanya zisiingie mwanzoni. Uchachu wake unakaza ganda. Subiri hadi harage lipondeke kati ya vidole viwili, ndipo uweke nyanya au ndimu. Magadi yanalainisha kweli, lakini yakizidi kidogo tu chungu kizima kinanuka sabuni. Kwa chakula cha mzee nisingeyatumia.

Na hili wengi hawalijui: maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayoleta kutapika vibaya. Kuyaweka kwenye jiko linalofifia usiku kucha bila kuchemka hakuiui. Mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, yatokote kwa nguvu angalau dakika 10. Mimi huacha 30. Baada ya hapo punguza moto upendavyo.

Kwa watu 11, kilo 1 na robo ya maharagwe aina ya nyayo inatosha. Ukienda soko la nafaka la Nyamakima, mwulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima hayaivi hata uyabembeleze.

Susu_wa_Kitui
Mwanangu, nimesoma yote na naona hakuna aliyeuliza nyama ile ilikuwa imekaaje. Mimi nililelewa huko huko. Mnyama akipatikana hakuliwa siku moja. Alikatwa vipande virefu, akapakwa chumvi, akaning'inizwa juu ya mafiga ambapo moshi unapita. Kilichoingia kwenye maharagwe kilikuwa nyama kavu. Mzee wako anakumbuka moshi, mwanangu. Ukimpa mbuni aliyechemshwa tu atakushukuru kama alivyoshukuru kuku.

Chukua theluthi ya nyama, ikate vipande vyembamba kama kidole. Chumvi, iache ndani ya friji usiku. Asubuhi washa jiko la makaa, acha makaa yawe na jivu, weka wavu juu kabisa na vijiti vichache vikavu vya mti wa matunda pembeni. Iache kwa muda wa saa tatu, ikauke na iwe nyeusi pembeni. Fanya nje, moshi wa makaa ndani ya nyumba unaua. Kisha ikatekate uiweke kwenye maharagwe yakiwa nusu kuiva. Ile iliyobaki kaanga na samli na vitunguu vingi, ndiyo iwe mchuzi. Mwishoni ponda upawa mmoja wa maharagwe urudishe sufuriani. Bizari acha, sisi hatukuwa nayo.

Mpwani_Jikoni
Susu umenifunga mdomo. Naondoa tui langu.

MamaWatatu_Donholm
Narudi kuwapa habari, na kijana wa Kajiado nilimwambia hapana.

Nilipata shingo ya mbuni kilo 2 na mguu kilo 1. Nilikausha kilo ya mguu juu ya jiko la makaa pale uani, karibu na kamba za nguo, majirani wakauliza kuna sherehe gani. Maharagwe yalichukua saa moja na dakika 50, nyanya niliweka mwisho. Kosa langu moja: nyama kavu ilikuwa na chumvi tayari nami nikaongeza nyingine, ikabidi nitie viazi vitatu na maji.

Baba alinusa kabla sahani haijafika. Akamwita mjukuu wake mdogo akae karibu, akampa kipande cheusi na kumwambia atafune polepole. Akala sahani mbili. Kisha akaanza kutueleza jinsi mama yake alivyokuwa akificha vipande juu kabisa ya moshi ili watoto wasivifikie, na yeye alivyokuwa akipanda juu ya kinu kuvichukua. Mume wangu ana miaka 46 na hajawahi kuisikia hadithi hiyo.

Susu, ameuliza wewe ni wa ukoo gani. Nimwambie nini?