Kadi ya jina na kadi ya simu: zilitumikaje?

Muongoza wageni, Moshi
Wanajukwaa, shikamooni wakubwa zangu. Ninawaongoza wageni wanaopanda Kilimanjaro kupitia Marangu, na nimekusudia kuchapisha kadi zangu. Mgeni mmoja mzee kutoka Uingereza ameniambia kwamba zamani kwao kadi ya jina ilikuwa ya kutembelea nyumba za watu, si ya kutafutia kazi. Naomba maelezo, pamoja na ushauri kuhusu yangu.

Mwalimu mstaafu, Arusha
Marahaba, mwanangu. Amesema kweli. Katika karne ya 19, watu wa tabaka la juu huko Ulaya walipokwenda kumtembelea mtu walimkabidhi mtumishi wa mlangoni kadi yenye jina lao, naye akaipeleka kwa mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyeamua kumpokea mgeni au kutompokea. Kona iliyokunjwa ilionyesha kwamba mwenye kadi alifika yeye mwenyewe, na herufi p.p.c., za maneno ya Kifaransa, zilimaanisha kwamba anaaga. Kwetu tunaopiga hodi na kukaribishwa, utaratibu huo naona ni wa baridi mno, ingawa ulilinda faragha ya mwenyeji.

Mama Sakina, Arusha
Kuna pia kadi za kulipia simu kabla ya kupiga, zilizoanzia Italia mwaka 1976. Hapa tulizitumia kwenye vibanda vya kampuni ya simu ya TTCL. Kadi yako ya jina, mdogo wangu, iwe ya milimita 85 kwa 55 ili iingie kwenye pochi, na namba ya simu ianze na +255, kwa sababu mgeni atakupigia akiwa kwao.