Bogoria si uwanja wa fujo: kampuni za safari, fundisheni wateja wenu adabu!

Wadau, leo nina hasira na siwafichi.

Jumamosi nilijiunga na safari ya kundi kwenda kuona chemchemi za maji moto za Ziwa Bogoria, kule Baringo, Kenya. Kampuni siitaji, wenyewe wanajijua. Njia nzima kiongozi wetu kazi yake ilikuwa kupandisha sauti ya muziki na kugawa maji ya chupa. Ya chupa! Plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye hifadhi zetu tangu Juni 2020, halafu mtu anayejiita mtaalamu wa utalii anaingia nazo katoni nzima.

Kufika kwenye chemchemi ndipo nilipochoka kabisa. (Mlioenda zamani mtapotea: ziwa limepanda, limemeza barabara ya zamani na baadhi ya chemchemi.) Maji ya pale si vuguvugu, YANATOKOTA, na udongo wa kandokando ni ganda jembamba tu. Ukikanyaga vibaya, mguu unaishia kwenye maji ya moto. Mzee mmoja wa pale akawaonya taratibu: "Vijana wangu, piteni huku kwenye mawe, hapo chini ni tupu." Alijibiwa nini? "Mzee, sisi tumelipa getini." Na aliyejibu akazidi kusogea ili picha itoke vizuri. Wenzake wakatumbukiza mayai pamoja na mfuko wake wa nailoni, mfuko ukajikunja na kubaki umeng'ang'ania jiwe, mvuke ukiupuliza. Maganda wakayaacha palepale. Kiongozi anacheka tu.

Eti mmelipa getini. Mnajua mnamjibu nani? Waendorois, jamii ya mzee huyo, walianza kufukuzwa kwenye ardhi hiyo mwaka 1973 ili iwe hifadhi ya wanyama. Wakahangaika na kesi hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 uamuzi ukatoka kwamba walidhulumiwa: warudishiwe ardhi ya mababu zao, walipwe fidia, wafike ziwani bila vikwazo kwa ibada na malisho. Miaka yote hii bado wanadai utekelezaji. Kwa imani yao, roho za Waendorois wote waliokufa, hata waliozikwa mbali, zinaishi ndani ya ziwa hilo. Sasa wewe wa mjini, na tiketi yako ya siku moja, unamfokea mzee kwao, tena mbele ya makao ya wazazi wake!

Nimeiandikia kampuni. Wamenijibu kwa emoji ya kucheka na ofa ya punguzo kwa safari ijayo. Punguzo la nini? Ninachotaka ni warudi waokote takataka zao, wamwombe mzee radhi, na yule kiongozi asikabidhiwe tena kundi la watu.

Na nyie mliokuwa kwenye lile basi mkanyamaza, najua mnasoma hapa.