Goita ya vinundu, TSH iko chini, madaktari watatu majibu matatu: tuanzie wapi?

Mwana_Njombe
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaolijua jambo hili kwa undani. Mgonjwa ni mama wa miaka 58, goita yake ni ya siku nyingi. TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya shingo, ni 0.12 (kiwango cha maabara 0.4–4.0); T4 huru, homoni ya tezi yenyewe, ni 16 (12–22). Ultrasaundi: vinundu vingi pande zote mbili, kikubwa kina sm 3.2, kiko kulia. Chini ya ripoti wameandika "sehemu ya chini ya upande wa kulia haikuonekana". Akilala chali anahisi kukabwa.

Daktari wa kwanza kasema apasuliwe, tezi yote itolewe. Wa pili kaandika kabimazoli, vidonge vya kushusha homoni za tezi, ya miezi 18. Wa tatu anataka aende Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, akanywe madini joto (iodini) yenye mionzi. Na majirani wanasisitiza aongeze madini joto kwenye chakula. Tumfuate nani?

Benchi_la_Maabara
Mkuu, kwanza rudieni TSH. Kipimo kimoja hakitoshi kumpeleka mtu tiati, chumba cha upasuaji. Muulizeni mama kama anameza vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini (aina ya vitamini) ya mg 5 au 10, na kwenye baadhi ya mashine biotini hushusha TSH kwenye karatasi na kupandisha T4, wakati mwilini hakuna kilichobadilika. Aviache siku 2 au 3 kabla ya kutoa damu. Kwa kuwa T4 yake iko kawaida, naona TSH hii huenda ni ya kweli, ila hakikisheni. Ombeni na T3, homoni nyingine ya tezi, ipimwe, maana vinundu vinaweza kumwaga T3 nyingi huku T4 ikiwa imetulia.

Kuhusu majirani: chumvi ya kawaida ya dukani aendelee nayo kama alivyozoea. Matone ya iodini na vidonge vya mwani asiguse kabisa. Vinundu vya zamani vinavyofanya kazi bila kusikiliza ubongo vikipata iodini nyingi ghafla hutengeneza homoni kupita kiasi, na mtu wa miaka 58 moyo wake ndio huumia kwanza: mapigo yanakwenda ovyo ovyo.

Kliniki_ya_Tezi
Mimi nimeganda kwenye ule mstari wa chini wa ripoti. "Haikuonekana" watu wanausoma kama kasoro ya mpimaji, lakini mawimbi ya ultrasaundi hayapiti mfupa. Maana yake inawezekana goita imeteremka nyuma ya mfupa wa kifua, na hapo ndipo majibu ya madaktari wenu yanapoachana. Aliyeshika shingo akaona kipimo cha damu ataona dawa inatosha, na aliyefikiria njia ya hewa atataka kisu.

Jaribio la nyumbani, akiwa na mtu karibu: ainue mikono yote juu iguse masikio, akae hivyo dakika moja. Uso ukiwiva, mishipa ya shingo ikitutumka au pumzi ikianza kukoroma, ashushe mikono na aende hospitali bila kungoja miadi. Asipoonyesha kitu bado shaka haijaisha, anahitaji CT skani ya shingo na kifua. Sisitizeni ifanywe bila dawa ya kung'arisha mishipa. Dawa ile imejaa iodini: inaweza kuchochea homoni, tena inaziba nafasi ya tiba ya mionzi kwa wiki kadhaa.

Halafu, kwa kuwa TSH iko chini, apigwe picha ya tezi kwa mionzi kabla ya kuchomwa sindano ya kuchukua chembe za kinundu. Kinundu kinachofyonza sana mionzi hiyo mara chache huwa saratani. Kisichofyonza ndicho cha kuchoma sindano, na kwa sm 3.2 kinafikia ukubwa wa kuchomwa hata kama sura yake inatia shaka ndogo tu. Jibu la sindano likija "daraja la 1", msishangilie. Maana yake chembe hazikutosha, irudiwe.

Kabimazoli hushusha homoni, lakini goita ya vinundu haiponi nayo. Akiacha, TSH inarudi chini. Miezi 18 ni mpango wa ugonjwa wa Graves, ambapo kingamwili ndizo zinazochochea tezi, kwa hiyo muulizeni daktari wa pili kama alipima kingamwili hizo. Akiwa anaimeza na akapata homa au koo kuuma, aiache siku hiyo hiyo na apime damu, hasa chembe nyeupe.

Mionzi ni tiba nzuri kama njia ya hewa iko wazi. Goita hupungua kwa kiasi cha asilimia 40 ndani ya mwaka. Shida ni kwamba siku za mwanzo inaweza kuvimba kidogo, na njia iliyokwisha kubanwa haina pa kupokea uvimbe huo.

Mwana_Njombe
Nashukuru sana wakuu. CT ikionyesha imeingia kifuani, akubali kupasuliwa yote au upande mmoja?

Sista_Tiati
Vinundu viko pande zote, kwa hiyo kutoa yote kuna mantiki. Ukiacha upande mmoja unaweza kukua, na kupasua mara ya pili kwenye kovu ni hatari zaidi kwa neva ya sauti.

Muulizeni daktari wa upasuaji amefanya tezi ngapi mwaka uliopita. Si utovu wa adabu, matokeo yanategemea mkono uliozoea. Nyuzi za sauti ziangaliwe kwa kamera kabla. Homoni zikiwa juu zishushwe kwanza, la sivyo zinaweza kulipuka mezani au usiku ule.

Saa 24 za kwanza asitoke wodini. Damu ikivuja ndani, shingo inavimba na pumzi inabana kwa dakika chache, na tiba ni kufungua kidonda pale pale kitandani. Ganzi au kuwashwa kuzunguka midomo na ncha za vidole siku ya 1 hadi ya 3 ni kalsiamu imeshuka, mwambieni nesi hata kama ni usiku wa manane.

Baada ya hapo ni levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, maisha yote. Kianzio ni kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo, yaani mtu wa kilo 65 ni karibu 100, wenye ugonjwa wa moyo huanzia chini zaidi. Anameza na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu viachane nayo kwa muda wa saa nne, vikikutana tumboni dawa hainyonywi na daktari atapandisha dozi bure. TSH ipimwe wiki ya 6 hadi ya 8.