Kwenda Choma, Uluguru kwa miguu: Aprili panapitika?

Wakuu, nataka kumpeleka mama kijijini Choma, kwenye milima ya Uluguru, tukipanda kutoka Morogoro mjini. Ana miaka 60 na shamba bado analima. Aprili inafaa?

— Mkuu, Aprili masika yamekolea, udongo unateleza vibaya. Ngojeni Julai. Mkianza alfajiri mtapishana na akina mama wa Kiluguru wanashuka sokoni, mboga kichwani, na hawayumbi. Mkatie mama fimbo imara.

— Maporomoko ya maji mtayasikia kabla hamjayaona. Tafadhali msifulie sabuni pale. Maji ya milima hiyo ndiyo yanayoingia mto Ruvu, ndiyo tunayokunywa Dar. Mkifika kijijini, pigeni hodi kwa mwenyekiti kwanza.

— Ahsanteni sana. Julai basi, namwambia leo hii.