TSH ya mama imepanda baada ya dozi kuongezwa, na T4 nayo imepanda. Hii imekaaje?

BintiKisauni

Asalaam aleikum nyote. Naomba mwenye kujua kusoma karatasi za thairoidi (tezi ya shingo) anisaidie kabla hatujarudi kwa daktari Jumatatu. Mama ana miaka 58, kilo 68. Tezi yake ya shingo haifanyi kazi ya kutosha, anatumia levothairoksini, yaani T4, homoni ya tezi hiyo, katika kidonge. Majibu yake ni haya (TSH ni homoni inayoiamrisha tezi, FT4 ni T4 iliyo huru kwenye damu):

Januari, kabla ya dawa: TSH 18.4, FT4 0.79. Akaanzishwa mikrogramu 50.
Mwisho wa Machi: TSH 6.2, FT4 1.12. Akapandishwa hadi 75 (kidonge cha 50 na cha 25).
Juzi, wiki ya saba tangu apandishwe, maabara nyingine: TSH 9.8, FT4 17.8.

Nijuavyo mimi, TSH ikipanda T4 hushuka. Hapa zote zimepanda, tena T4 imeruka kutoka 1 hadi 17! Tumedokezewa huenda akapelekwa 100. Dawa anaimeza asubuhi na chai ya maziwa. Tangu Aprili ameandikiwa kalsiamu ya mifupa na vidonge vya kuongeza damu, vyote nampa asubuhi kwa pamoja asije akasahau. Ana presha, anatumia amlodipini. Moyo haujawahi kumsumbua.

mpima_damu

Waaleikum salaam dada. Tuanze na hiyo 17, maana imekutisha bure. Tazama kilichoandikwa mbele ya namba. Maabara ya kwanza bila shaka imetumia ng/dL, ya pili pmol/L. Ni kama kitambaa kilekile kimepimwa kwa yadi kisha kwa sentimita. Zidisha namba za mwanzo kwa 12.87: 0.79 inakuwa 10.2, na 1.12 inakuwa 14.4. Kwa hiyo safari ya T4 ya mama ni 10.2, 14.4, 17.8. Imepanda, lakini haikuruka. Mipaka ya kawaida kwenye karatasi ya pili yaelekea ni 12 hadi 22, ithibitishe, kwani kila mashine ina mipaka yake. TSH haina tatizo hilo: mIU/L na µIU/mL ni namba ileile.

Sasa kwa nini zote mbili ziko juu. TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye pituitari, kitezi kidogo chini ya ubongo, nayo ni amri ya kuiambia tezi ya shingo iongeze kazi. Amri hiyo hubadilika polepole. Levothairoksini ikishaingia mwilini, nusu yake huchukua takriban siku 7 kuisha, ndiyo maana baada ya kubadili dozi husubiriwa wiki 6 hadi 8 ndipo TSH ipimwe. TSH inakueleza wiki zilizopita. T4 huru, yaani FT4, inakueleza kilichomo kwenye damu saa ile sindano inapoingia. Mtu akimeza kidonge kisha akatolewa damu saa mbili tatu baadaye, FT4 huonekana juu kuliko ilivyo siku nzima.

Ukiona TSH juu na FT4 nzuri kwa mtu anayetumia dawa, shuku kwanza mambo mawili: dawa imekuwa ikirukwa kisha ikamezwa siku za karibu na kipimo, au inamezwa kila siku lakini haifiki yote kwenye damu. Je, siku hiyo alimeza kabla ya kutolewa damu?

BintiKisauni

Ndiyo, alimeza saa kumi na mbili u nusu, damu ikatolewa saa tatu. Na harukishi hata siku moja, mimi ndiye ninayempa.

DukaLaDawa

Basi mwenye makosa si mama, na dozi hatuwezi kuihukumu bado. Kalsiamu na madini ya chuma, ndiyo yaliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu, hushikana na levothairoksini tumboni, zikatengeneza kitu ambacho utumbo haukinyonyi. Kinatoka na choo. Unampa 75, lakini mwili unapata pungufu, na pungufu kiasi gani hakuna ajuaye, kwa sababu hubadilika siku hadi siku. Tazama tarehe zako: Machi TSH ilikuwa ikishuka vizuri, Aprili vikaingia hivyo vidonge viwili, kipimo kinachofuata kikapanda. Chai ya maziwa nayo inachangia, na kahawa ni mbaya zaidi, hata ile tungu ya kwenye vijiwe.

Mpangilie hivi:

Akiamka kwa swala ya alfajiri, levothairoksini peke yake na glasi nzima ya maji matupu. Kisha asitie kitu kinywani kwa dakika 60. Dakika 30 zinakubalika, lakini kwa mtu ambaye TSH yake inasumbua mimi nasimamia saa nzima. Baada ya hapo mahamri na mbaazi na chai yake, hakuna kizuizi. Kidonge cha damu baada ya saa sita mchana. Kalsiamu na chakula cha usiku. Kati ya levothairoksini na kila kimoja cha hivyo viwili zipite saa 4 au zaidi, na hivyo viwili navyo visikutane. Amlodipini haina ugomvi na yeyote, mpe saa yoyote iliyozoeleka.

Kama asubuhi ni vurugu nyumbani, anaweza kumeza usiku akienda kulala, mradi zimepita saa 3 tangu ale. Hapo kalsiamu ihame kutoka usiku, ikae na chakula cha mchana, na kidonge cha damu kiende asubuhi. Achague wakati mmoja na adumu nao.

Anatumia omeprazoli au dawa ya kutafuna ya kiungulia? Hizo pia hupunguza kinachoingia.

Kuhusu 100: kwa mtu ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa, kiasi kamili ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, kwa mama inakuja karibu 109. Kwa hiyo 100 si dozi ya ajabu. Hatari iko kwenye mpangilio wa mambo. Ukipandisha leo, na wiki ijayo ukatenganisha kalsiamu, zile mikrogramu zilizokuwa zikipotea zinarudi, juu yake kuna 25 mpya. Hapo TSH inaweza kuzama chini ya 0.1: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kukata, na ikiendelea kwa muda mrefu mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na mifupa kuwa myepesi. Mama wa miaka 58 anapewa kalsiamu kulinda mifupa, kisha dozi iliyozidi inaila mifupa ileile. Jumatatu mweleze daktari saa za kila kidonge, neno kwa neno, na umuulize kama anakubali abaki 75 kwa mpangilio mpya, arudie kipimo baada ya wiki 6 hadi 8. Uamuzi ni wake, lakini hawezi kuamua vizuri juu ya jambo ambalo hajaambiwa.

BinMajengo

Muulizeni pia kama anatumia vidonge vya nywele na kucha. Vina biotini nyingi, aina ya vitamini, nayo huvuruga mashine za kupimia damu.

mpima_damu

Kweli huvuruga, ila kwa mwelekeo mwingine. Kwenye mashine nyingi zinazoathirika, biotini hushusha TSH na kupandisha FT4 kwa uongo, mtu akaonekana amezidishiwa dawa. Ya mama TSH iko juu, kwa hiyo siyo biotini. Hata hivyo anayeitumia aiache siku 2 au zaidi kabla ya kipimo, na aitaje maabara.

mkunga_pwani

Naingilia kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine, kwa sababu hili likichelewa linamgusa mtoto. Mwanamke anayetumia levothairoksini akijua ana mimba asisubiri kliniki ya mwezi wa nne. Mahitaji hupanda mapema sana, na mtoto wa miezi ya mwanzo anategemea homoni ya mama. Utaratibu unaotumika ni kuongeza vidonge 2 kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, huku akimtafuta daktari wiki hiyohiyo. Kisha TSH kila wiki 4 hadi katikati ya mimba, nayo ikae chini ya 2.5. Na vidonge vya damu vya kliniki, saa 4 mbali.

Abu_Likoni

Na Ramadhani je?

DukaLaDawa

Njia mbili. Ama usiku baada ya tarawehe, kama zimepita saa 3 tangu ale, na asitafune kitu njiani kurudi nyumbani. Ama aamke kabla ya daku, ameze na maji, angoje dakika 30 hadi 60 ndipo ale. Kumeza palepale kwenye futari pamoja na tende na uji ndiko kunakoharibu. Na kama inawezekana, kipimo kisifanywe Ramadhani wala wiki za mwanzo baada ya Idi.

BintiKisauni

Shukran sana. Omeprazoli hatumii, na vya nywele hana. Tukifuata haya yote na bado TSH ikaja 6, ndiyo 100?

mpima_damu

Si lazima yote kwa mkupuo. Daktari anaweza kupanda nusu ngazi: siku moja 75, siku ya pili 100, wastani wa 87.5. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini siku nyingi, mwili hautambui tofauti ya leo na kesho. Ni bora kuliko kukata kidonge robo kwa kisu, vipande havilingani. Ikikataa kushuka hata kwa dozi kamili, hapo ataulizia tumbo lenyewe, kwa mfano bakteria wa vidonda vya tumbo.

Siku ya kipimo: maabara ileile, asubuhi, damu kwanza kidonge baadaye. Kwenye fomu iandikwe dozi, tarehe ilipoanza na saa ya kidonge cha mwisho.

Akivimba uso, akawa mzito wa kuamka, mwili baridi na maneno kuchanganyika, hiyo si ya kusubiri wiki 6, ni hospitali saa ileile. Na maumivu ya kifua vivyo hivyo.

DukaLaDawa

Swali la mwisho dada: vidonge mnaviweka wapi?

BintiKisauni

Nimevitoa kwenye karatasi zake nikavitia kwenye kopo dogo la plastiki, vyote vya miezi miwili, rafu ya jikoni karibu na jiko. Vya 25 vimeanza kuwa na madoa ya manjano na vinamung'unyika ukivigusa.

DukaLaDawa

Hivyo usimpe tena. Dawa hii haipendi joto, mwanga wala unyevu, na jikoni kwa Mombasa yote matatu yapo. Sehemu ya nguvu yake imeshapotea, kwa hiyo hata ile 75 haikuwa 75. Nunua vipya vya kampuni ileile, vikae ndani ya karatasi zake, kwenye kabati la chumbani penye baridi kidogo, na umtolee cha siku kwa siku. Hivyo vya zamani vibebe Jumatatu daktari avione. Wiki zako 6 zianze kuhesabiwa siku atakayomeza cha kwanza kipya.