Naomba ushauri: kiyoyozi cha gari kinapoza nikiwa mwendoni tu

Ndugu wanachama, gari langu la mwaka 2005 linapoza vizuri nikiwa mwendoni, lakini nikikwama kwenye foleni ya Ubungo hewa hugeuka ya moto baada ya dakika chache. Jana nilifungua boneti injini ikiwa inaunguruma, nikaona kompresa (pampu ya gesi ya kiyoyozi) inawaka, kwani klachi yake ililia "ta" ikaanza kuzunguka, ila feni ya kondensa (rejeta ya kiyoyozi inayopoza gesi yake) ilikuwa imesimama kabisa. Nilipozima gari na kuisukuma kwa kijiti, ilizunguka kwa shida. Fyuzi ni nzima. Fundi anataka kuongeza gesi ya kiyoyozi, R134a, bila hata kupima presha, jambo ambalo sijalikubali. Je, niijaribu feni kwa umeme wa betri moja kwa moja, au nianze na rilei (swichi ya umeme inayoiwasha)?