Ranji Trophy ni "ndondo"? Huyu mtu aje hapa aombe radhi!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Jina simtaji, mnamjua wote: yule mchambuzi wetu wa kila kitu, kuanzia bao hadi masumbwi, ambaye hata msibani hanyamazi. Leo nimeweka kwenye kundi habari ya Harsh Dubey, mrushaji wa kriketi wa India: wiketi 69, yaani katoa wapigaji 69, katika msimu mmoja wa Ranji Trophy, mashindano ya timu za mikoa ya India, 2024/25, rekodi ya mashindano yaliyoanza 1934. Nikategemea kijana apewe hongera yake. Jamaa akatuma sauti. Anacheka, anatafuna karanga, unazisikia kabisa zinavyovunjika, halafu anasema, "Si ndondo tu hizo?"

Ndondo! Mechi za mtaani! Na karanga mdomoni!

Bishan Singh Bedi alichukua wiketi 64 akiwa Delhi, msimu wa 1974/75. Rekodi ile ikakaa zaidi ya miaka 40, watu wakaoa, wakazeeka, hadi Ashutosh Aman wa Bihar alipofikisha 68 msimu wa 2018/19. Ndipo akaja huyu Dubey wa timu ya Vidarbha, akiwa na miaka 22, mkono wa kushoto, mipira inazunguka kama ina shetani. Akaivunja kwenye fainali yenyewe, pale Nagpur. Na msimu huohuo kapiga mikimbio (ndizo pointi) 476! Kule IPL, ligi ya kriketi fupi ya India, mrushaji anamaliza ova zake 4, mipira 24 tu, anaenda kukaa. Ranji unarusha asubuhi, unarusha jioni, kesho unarudia, fainali siku tano, vidole vimechubuka. Mtu anakufa na jua vile, mwingine yuko kwenye kochi anatafuna.

Ile sauti nimeirudia mpaka simu imezima chaji. Bado anasema ndondo. Kama ana ubavu, aje.

Mzee wa Upanga: Simu imezima kwa kusikiliza mtu anakula karanga? Kanywe maji, mkuu. Halafu umeacha hoja nzito: Aman zile 68 alizipata kundi la Plate, daraja la chini, dhidi ya timu ngeni kama Sikkim na Mizoram. Dubey kazipata kwa wakubwa. Hapo ndipo ungembana.

Binti Ruwi: Mna raha nyie. Mimi hapa Muscat ofisi nzima ni watu wa Kerala, baada ya timu yao kukosa kombe mbele ya Vidarbha kwenye fainali ile walikaa matanga wiki nzima. Wamefika fainali mara ya kwanza katika historia, tena kwa kuizidi Gujarat mikimbio 2, 457 kwa 455! Mpigaji wa mwisho wa Gujarat kapiga, mpira ukagonga kofia ya Salman Nizar wa Kerala ukaruka juu, mwenzake Sachin Baby akaudaka, Gujarat wakaishia hapo. Kisha fainali Sachin huyohuyo anatolewa akiwa na mikimbio 98, miwili tu afike mia. Tisini na nane! Hiyo ndiyo inauma, siyo karanga.

Kocha Mchangani: Na Vidarbha walishinda kwa ngapi?

Binti Ruwi: Hawakushinda. Sare. Walipewa kombe kwa kuongoza mikimbio ya zamu ya kwanza ya kupiga, 379 kwa 342.

Kocha Mchangani: Siku tano halafu sare?! Ndiyo maana mimi na kriketi mbalimbali.

Mwanzisha uzi: Jamani, turudi kwa mtu wetu. Alisema NDONDO. Alikuwa ANATAFUNA.

Mpigaji Asili: Kila siku warushaji, warushaji. VVS Laxman alipiga mikimbio 1415 msimu wa 1999/2000 akiwa Hyderabad, mara nane akavuka mia. Nani amewahi kumfungulia uzi humu? Nyie mna ubaguzi.

Mzee wa Upanga: Fungua wewe, nani kakushika mkono?

Kocha Mchangani: Halafu mimi nimekasirika kuliko mwanzisha uzi. Ndondo imekuwa tusi lini? Sisi tunacheza, nauli tunajilipia, kiwanja kina mashimo na mbuzi wanapita katikati. Msimu uliopita mwandaaji alituahidi ng'ombe. Tumebeba kombe, ng'ombe hatujaona hata mkia.

Mpigaji Asili: Mwandaaji gani? Yule mwenye kofia ya njano?

Kocha Mchangani: Huyohuyo.

Mzee wa Upanga: Ala! Si ndiye aliyetuchangisha hela za jezi? Zangu nimefua mara moja, namba zote zimebaki kwenye beseni.

Mpigaji Asili: Zako zilikuwa na namba? Sisi alituletea za watoto.

Kocha Mchangani: Fungueni uzi wake haraka. Mimi picha ninazo.